Kidole cha Kuazima

—Jumamosi ya wiki ijayo njoo na gitaa. Mama anataka kuusikia ule wimbo.

Mashine ya kunyolea ilisimama katikati ya kichwa cha mteja. Kinyozi akabana simu begani.

—Wimbo gani, mpenzi?

—Ule wa roki wa zamani unaonitumia kila siku. Mama anatimiza miaka hamsini, na nimemwambia mchumba wangu anaupiga mwenyewe. Au siyo wewe?

Hapo mlango wa toba ulifunguliwa, mpana kama lango la bweni siku ya kufunga shule. Kinyozi akaupita akipiga mluzi.

—Ni mimi, nani mwingine?

—Haya, alisema mchumba wake, binti wa duka la dawa, taratibu mno. —Jiandae.

Ukweli, na tuuseme kwa heshima zote za msibani, ni kwamba Kinyozi hakuwahi kushika gitaa hata la kuchorwa. Mpigaji alikuwa Fundi Redio wa chumba cha pili. Ukuta baina yao ulikuwa wa mbao, na kila mchana, akisubiri gundi ya spika ikauke, Fundi alipiga wimbo huohuo. Kinyozi alibandika simu ukutani, akarekodi, akamtumia binti na maneno haya: "Nimekupigia wewe tu." Miezi mitatu! Laiti angekuwa na bidii hiyo kwenye jambo la halali.

—Kaka, alisema mteja, —unanimalizia, au niende nyumbani na nusu?

Mchana uleule Kinyozi akabisha hodi kwa jirani.

—Shikamoo, mzee. Nifundishe wimbo wako.

—Marahaba. Kulikoni?

—Kuna binti nataka kumfurahisha.

Fundi akamtazama juu ya miwani.

—Binti gani?

—Humjui, mzee.

—Ahaa. Basi simjui. Kaa.

Akakaa, akateseka. Ncha za vidole zilitoka malengelenge hata mkasi ukawa adui, na wateja wakatoka na vichwa kama shamba lililopitiwa na mbuzi.

—Bonyeza! alifoka Fundi. —Huo ni waya, si shavu la mchumba!

Katikati ya wimbo, pale sauti inapopanda, Fundi aligonga ubao wa gitaa kwa dole gumba: ko! Kinyozi alijifunza na hiyo. Aliifanyia mazoezi kuliko vyote, kwa kuwa ndiyo pekee isiyouma.

Jumamosi ikafika. Sebuleni kwa kina binti walikuwepo mama mtu, shangazi wawili na binti mwenyewe karibu na mlango. Na kwenye kochi la pembeni, ndani ya shati lililopigwa pasi, alikuwepo Fundi Redio.

—Huyu ni mjomba, alisema binti. —Kaka yake mama. Mnajuana?

Kinyozi aliomba ardhi ipasuke immeze. Sakafu ilikuwa ya saruji, haikumsikia.

—Tunajuana, Fundi akajibu. —Ni jirani.

Kinyozi akapiga. Mwanzo ulipita ukichechemea. Sauti ikapanda, akafika pale pake, akagonga kwa fahari: ko!

Mama akainua mkono.

—Ngoja, mwanangu. Mbona umegonga?

—Ndivyo wimbo ulivyo, mama.

—Sivyo. Naujua tangu usichana wangu. Kaka yangu alianza kugonga hapo baada ya msumeno kumkata kidole cha pete. Noti ya hapo haifikii tena. Wewe vidole vyako vimetimia. Nani kakukata?

Shangazi mmoja akazamisha kicheko kikombeni. Kinyozi akautazama mkono wake wa kushoto. Vidole vitano, vyote vizima, vyote vinamshitaki. Wiki nzima alikuwa amekiona kile kidole kifupi cha Fundi, asijiulize lolote.

—Mama, alisema, masikio yakimwaka. —Zile rekodi nilizomtumia binti yako si zangu. Ni za mjomba. Nilizirekodi ukutani.

Akamgeukia binti.

—Na uliponiuliza, nikakudanganya tena.

—Nilijua siku ya kwanza, alisema binti. —Hiyo ko naisikia tangu nabebwa mgongoni.

—Mbona hukusema?

—Nilikuwa nasubiri useme wewe! Nimekuuliza mara saba kama ni wewe. Saba! Unadhani ni raha kuona aibu kwa niaba ya mtu asiyeiona?

Kinyozi akalilaza gitaa magotini.

—Niondoke?

—Uende wapi, na wimbo haujaisha? alisema mama. Pale pa kugonga, weka kidole.

Akarudia. Akakinyoosha kidole cha pete mpaka kikatetemeka, akabonyeza. Noti ikatoka kama paka aliyekanyagwa mkia, lakini ikatoka.

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena.

—Miaka ishirini, alisema. —Hapo pangu palikuwa kimya miaka ishirini.

Msidhani binti alisamehe palepale. Alimsindikiza mpaka getini, mikono kifuani.

—Usinitumie kitu mpaka uwe na cha kwako.

Wiki tatu simu ya binti wa duka la dawa ilikaa kimya. Kisha asubuhi moja ukaingia ujumbe wa sauti, bila maneno yoyote ya kuusindikiza. Ndani yake gitaa lilijikwaa mara mbili, mteja akauliza zamu yake lini, na pale sauti inapopanda, paka akakanyagwa mkia.

Binti aliusikiliza mara nne kabla ya kuandika:

"Mbaya sana. Nitumie mwingine kesho."