Kanga Hawatembei Usiku

"Kamera haina chuki na mtu!" baba alisema, akigonga meza kwa kidole. "Imeandika tarehe, imeandika saa. Sasa mimi nibishane na mashine?"

"Usibishane na mashine, bishana na mimi," mama alijibu bila kugeuka. Alikuwa anapiga pasi sare ya shule, na pasi ilikuwa inatua kwenye kola kama nyundo. "Mama Nyuki ana goti bovu. Akienda dukani tu anapumzika mara tatu. Huyo ndiye apande mlima saa saba usiku kwenda kutega waya?"

"Watu hubadilika."

"Watu ndiyo. Goti je?"

Sisimizi alikuwa anafunga kamba za viatu kwa mara ya tatu. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu alikuwa mdogo na hakujua kutulia. Asubuhi hiyo alikuwa ametulia, na hakuna aliyegundua.

Mezani, kati ya vikombe, kulikuwa na picha iliyotolewa kwenye printa ya kituo cha askari wa msitu. Printa hiyo ilikuwa na wino mweusi tu. Picha ilimwonyesha Mama Nyuki, jirani yao wa nyumba ya tatu, akipita njiani na mfuko begani. Kwenye kona ya chini iliandikwa 01:52. Hatua arobaini kutoka hapo, askari walimkuta pongo jike, mnyama wa jamii ya swala, amenyongwa na mtego wa waya. Alikuwa na mimba.

Kibali cha Mama Nyuki kilimruhusu kuingia msituni mchana tu, kuangalia mizinga yake. Sasa alikuwa amelala mahabusu siku mbili, juu ya sakafu. Saa mbili gari lingempeleka mahakamani.

"Na ile mizinga yake mmeirundika uani, kwenye jua," mama aliendelea. "Jana nimepita pale. Mfagiaji anazoa nyuki kwa koleo."

"Ni vielelezo."

"Vielelezo vya nini? Vya ukatili wenu?"

"Baba," Sisimizi alisema.

"Vaa sare, utachelewa."

"Baba, saa ya kamera niliiweka mimi."

Pasi ilisimama hewani. Baba aliangalia mlango, kana kwamba kuna mtu nje.

Ilikuwa siri yao wawili. Baba alikuwa askari wa msitu kwa miaka kumi na minne, na kazi yake ilikuwa kutunza kamera zinazojipiga zenyewe kila mnyama anapopita. Mwezi uliopita kamera ya mlimani ilianza kuharibika. Ilipiga picha mia tisa, zote za majani. Jumamosi baba alimchukua Sisimizi kwa pikipiki, lakini mteremko ulimchosha hata kabla ya kuupanda. Akabaki chini. "Wewe una miguu ya mbuzi," alisema. "Panda, nitakuelekeza kwa sauti."

Sisimizi alipanda, akagundua tatizo. Nyasi ndefu zilikuwa zinayumba mbele ya kamera, na jua likizipasha joto, kamera ilidhani ni wanyama. Akazikata. Akatoa betri zote nane, akaweka mpya zote, bila kuchanganya na za zamani. Betri zilipotoka, saa ya kamera ilijifuta. Akapaza sauti, "Baba, saa ngapi?"

"Saa mbili na dakika kumi!"

Akaandika 02:10.

Baba alisaini fomu kwamba ameikagua kamera yeye mwenyewe. Kisha akamwambia, "Hili libaki kwetu."

"Kamera inahesabu saa kuanzia katikati ya usiku," Sisimizi alisema sasa. "Saa mbili asubuhi nilitakiwa kuandika 08:10. Nimeirudisha nyuma saa sita. Mama Nyuki hakupita saa saba usiku. Alipita saa moja asubuhi, inakaribia saa mbili, kumeshapambazuka."

"Una uhakika gani?" baba aliuliza. Hakuuliza kama mtu anayetaka jibu.

Sisimizi alileta kompyuta ya zamani ya baba, ambamo kila mara alihesabu wanyama wa kwenye picha na kuwaandika daftarini. Akafungua picha ya kwanza. Kanga kumi na mmoja, ndege wale weusi wenye madoa meupe, walikuwa wanaparua ardhi. Kwenye kona iliandikwa 00:40.

"Usiku kanga wanalala juu ya miti," alisema. "Hawatembei. Na hii hapa ya Mama Nyuki, mwangalieni. Kamera hii ikipiga usiku, picha inatoka bila rangi. Nguo aliyojifunga inaonekana ni nyekundu."

Mama alisogea. Kanga aliyojifunga jirani yao ilikuwa nyekundu kweli, na nyuma yake majani yalikuwa ya kijani, yanang'aa kwa jua.

"Umeliona lini hili?" mama aliuliza.

"Jana jioni."

"Ukalala nalo?"

Sisimizi alianza kulia. "Baba alisema libaki kwetu."

Baba alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Sikilizeni. Nikisema sikupanda, nafukuzwa. Mtakula nini hapa? Mahakama itamwachia tu, hawana ushahidi mwingine."

"Na wasipomwachia?" mama alisema.

Baba aliigeuza ile picha uso chini.

Mama alichomoa pasi ukutani. Alitazama saa. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na tano. "Beba hiyo kompyuta. Wewe mtoto, vaa sare, twende. Shuleni utachelewa, na mwalimu nitamwandikia sababu, na nitaiandika ya kweli."

"Mama watoto, subiri kidogo tupange..."

"Mtu hawezi kukaa ndani akisubiri mipango yako. Utasema wewe, au niseme mimi?"

Baba alisukuma kiti nyuma. Kisha akasimama, akachukua kompyuta.

Kituo kilikuwa mwendo wa dakika kumi. Gari la mahakamani lilikuwa limeshawashwa. Mkuu wa kituo, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisikiliza akiwa amesimama. Baba alisema yote: mteremko, fomu, saini. Hakumtupia mtoto lawama. Sisimizi aliwaonyesha wale ndege, kisha rangi ya nguo ya Mama Nyuki. Mkuu alitazama picha ile kwa muda mrefu, kisha akamfokea dereva azime gari.

"Leta kofia na koti," alimwambia baba. "Barua ya kukusimamisha kazi utaipata kesho. Na aliyetega ule waya bado yuko nje anatucheka."

Baba alivua kofia na koti, akaviweka mezani.

Mama Nyuki alitoka mahabusu akishika ukuta. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja uani, akaanza kuweka sikio kwenye mizinga, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa minane. Sita ilikuwa kimya. Chini yake nyuki walikuwa wamelala kama makapi.

"Shikamoo, bibi," Sisimizi alisema. "Ni mimi niliyekosea saa. Na jana nilijua, nikanyamaza. Nisamehe."

Mama Nyuki alimtazama. "Marahaba," alisema hatimaye. "Jana huu hapa ulikuwa unavuma. Niliusikia kupitia dirisha." Akaupiga kofi jepesi mzinga mmoja, uliokuwa kimya. Hakusema kwamba amesamehe.

Sisimizi aliinamisha kichwa. Mama yake akamshika bega, si kwa kubembeleza.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Kukosea saa, mtoto yeyote anakosea. Hata mtu mzima. Lakini ukishajua umekosea, kila dakika unayonyamaza kuna mwingine anailipia. Na mtu mzima akikwambia ufiche kosa linaloumiza watu, huna deni la kumtii, hata akiwa baba yako."

Baba alisikia kila neno.

Mama Nyuki alichana pindo la kanga yake nyekundu, akaziba milango ya mizinga miwili iliyobaki hai ili nyuki wasitoke njiani. "Jua linapanda," alisema. "Nani atanibebea?"

Baba aliinama, akauweka mzinga wa kwanza begani, akatoka nao getini, mbele ya askari wenzake. Sisimizi alishika upande mmoja wa mzinga wa pili, mama akashika upande mwingine, wakamfuata.