Mteja wa Saa Tisa

Dada yangu ni fundi cherehani, na sisemi hivi kwa kuwa tumezaliwa tumbo moja: akikushonea sketi, utadhani ulizaliwa nayo. Mchana ule nilikuwa kwenye chumba chake cha kazi, napiga pasi, yeye anatia zipu.

"Nimeacha vile vidonge," akasema, pini zikiwa mdomoni. "Tangu juzi."

Vidonge vya kutuliza wasiwasi alivianza alipofiwa na mumewe. Aliambiwa wiki nne. Zikawa miaka mitatu. Muda wote huo hakulia. Hakucheka pia, lakini sisi nyumbani tulifurahi tu kwamba ametulia.

Siku ya nne mikono ilimtetemeka hata uzi ukakataa kuingia kwenye sindano. Usingizi ulimpaa. Siku ya tano, saa tisa alasiri, alitazama mlangoni, mkasi ukamponyoka.

"Mwambie aondoke," akaninong'oneza.

"Nani?"

"Mteja."

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Daktari niliyempeleka kwake alikuwa mama mtu mzima, wala hakutugombeza. "Dawa hizi haziachwi kwa mkupuo, mwanangu. Mwili umeshazizoea. Ukizikata ghafla unaweza kupatwa na degedege, unaweza hata kuona visivyokuwepo." Akamrudishia dozi, akaandika ratiba ya kupunguza kidogo kidogo kwa miezi minane. Vidonge nikakabidhiwa mimi. Nikawa navigawa kwa wembe, nusu, baadaye robo.

Dada akatulia tena. Nikamuuliza habari za yule mteja, nikitegemea atacheka.

"Huja saa tisa," akajibu bila kuinua macho. "Hasemi kitu. Nampima, anaondoka."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze dawa."

"Na hukuogopa?"

Akafikiri kidogo. "Nilijua kwamba nilipaswa kuogopa."

Nilisubiri atoke, nikafungua daftari la vipimo. Miaka mitatu, karibu kila ukurasa, kulikuwa na mstari usio na jina. Shingo, bega, kifua, kiuno. Vilikuwa vipimo vyake mwenyewe. Alipokonda baada ya msiba, namba zilipungua. Nikajipa moyo: alikuwa akijipima, basi, kisha anasahau. Halafu nikaona upana wa mgongo.

Fundi yeyote atakwambia, mgongo wako huupimi mwenyewe. Lazima mtu asimame nyuma yako. Na chumba kile, saa tisa, alikuwa akikaa peke yake.

Sikumwambia. Niliendelea kukata vidonge. Kila dozi ilipopungua, hofu yake ilizidi, na kila saa tisa alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini mteja naye alikuwa akirudi nyuma. "Leo yuko mlangoni." Mwezi mwingine, "Leo yuko barabarani." Siku chache baada ya robo ya mwisho, dada alimlilia mumewe mchana kutwa, kwikwi kwa kwikwi. Kisha akaona nimeunguza blauzi ya watu kwa pasi. Akacheka mpaka akakaa chini. Saa tisa ilipita, hakuna aliyekumbuka kutazama mlango. Nilifurahi sana siku ile. Nakumbuka kwamba nilifurahi.

Vilibaki vidonge sita. Nilitakiwa kuvirudisha duka la dawa. Ila miezi minane ya kuogopa kwa niaba ya mtu si mchezo, na mimi nilikuwa silali. Nikameza kimoja. Siku moja tu, nikasema. Vilipokwisha, nikatafuta vingine kwenye duka ambalo hawanijui. Dada hakujua.

Jana alikwenda kununua vitambaa, akaniacha na kazi ya kutia vifungo. Hakuna kibaya kilichotokea. Nilitia vifungo. Nilikunywa maji. Wakati fulani nilisimama wima, mikono nimeinyoosha pembeni, sikumbuki kwa nini.

Aliporudi alifungua daftari aandike oda mpya. Akanigeuza taratibu.

"Nani amekuchora chaki mgongoni?"

Sikujua. Akanionyesha ukurasa. Chini ya mteja wa asubuhi kulikuwa na mstari usio na jina, na mwandiko ni wangu. Shingo yangu. Bega langu. Kiuno changu. Mwishoni, upana wa mgongo.

Alitazama saa ya ukutani, akatazama mlango, kisha akanitazama machoni kwa muda mrefu.

"Unavimeza," akanong'ona.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mdogo wangu, unaogopa?"

Nilijitafuta ndani kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa mifuko yote ya koti.

"Hapana," nikamwambia.

Dada akaanza kulia. Nguo ile tumeifua mara tatu, chaki ingali pale.