Visigino vya Shurie

Du-du, du. Du-du, du. Saa nane usiku Fowsiya aliisikia ngoma, akafumbua macho gizani, na kwanza akaitazama televisheni, ingawa stima ilikatika Garissa nzima tangu magharibi, na ile kaseti aliiona kwa macho yake ikiteketea uani.

Kaseti hiyo ya video aliileta mumewe, Korane, kutoka Islii, Nairobi. Ilionyesha vijana wa Uingereza, nywele mabegani, walivyopiga muziki zamani kabla dunia haijawajua, katika ukumbi mdogo uliojaa moshi wa sigara. Siku hiyo mtoto wao Shurie alikuwa na siku ishirini na tisa. Arobaini bado, nyumba ni ya udi na Kurani, si ya ngoma.

"Zima, Korane," alisema mama mkwe, Rukiyo, chetezo mkononi. "Hapa kuna mzazi."

"Hawa wazungu, mama! Majini wetu wanajua Kiingereza?" Korane akacheka, akaongeza sauti.

Magita yakanyamaza. Mpiga ngoma akabaki peke yake, jasho likimtiririka, du-du, du, na Rukiyo akaangusha chetezo. Makaa yakatawanyika mkekani. Mabega yake yakatikisika kwa mdundo uleule aliopigiwa akiwa msichana kule Elwak, siku wazee walipomtuliza jini wake kwa ngoma. Miaka arobaini hakuusikia tena, na sasa mzungu asiyejua lolote alikuwa ameupiga.

"Fowsiya!" Sauti nzito ya kiume, kinywani mwa bibi kizee.

Mkaza mwana aliyelelewa vizuri huitika akiitwa na mkwewe, na humwita eedo, shangazi. "Labeka, eedo," akajibu kabla hajafikiri.

"Umeitika. Kiti changu, huyu bibi, kimezeeka. Nimepata kipya." Macho ya Rukiyo yakatua juu ya mtoto.

Fowsiya akamweleza Maalim, naye akaja, akamsomea Rukiyo Kurani mpaka koo likamkauka. Kaseti ikachomwa. Rukiyo akapelekwa Masalani kwa binti yake apumzike. "Usiku ukiitwa mara moja, usiitike," Maalim alimwonya Fowsiya. "Binadamu huita mara tatu."

Sasa ngoma ililia, na haikutoka kwenye televisheni, ilitoka papo hapo kitandani, ubavuni mwake, na alipopapasa gizani mkono ukakuta visigino vya Shurie, vidogo kama tende, vikipiga godoro, du-du, du, mtoto mwenyewe kalala fofofo, vikasimama palepale aliposimama yule mpiga ngoma wa kwenye kaseti kurusha nywele nyuma, vikaanza tena, na chumba kikanuka sigara na jasho la watu wasiokuwemo, naye akafungua kinywa amwite Korane aliyelala chumba cha pili, na visigino vikasimama, na pumzi ya mtoto ikasimama navyo.

"Fowsiya." Sauti ya Rukiyo, mlangoni. Mara moja tu.

Masalani ni mbali, na usiku hakuna gari. Alijua. Alijua kabisa. Akaweka kiganja kifuani mwa mtoto, kifua hakikuinuka.

"Labeka, eedo," akanong'ona, machozi yakimwingia kinywani. "Mrudishie pumzi. Unataka nini? Nitafanya."

"Ulisema, wakaja kunisomea. Nikikaa ndani ya huyu, nani tena atajua?"

"Hakuna! Si Korane, si Maalim, si mama aliyenizaa. Mwache apumue tu. Wallahi, sitamwambia mtu mwingine."