Kicheko Ndani ya Kibanda cha Maige

"Mama Sesilia, nani ameiwasha hii laptop?"

Esta alishtuka, kwanza kwa lile jina. Tangu wamzike Sesilia, kijiji chao kizima cha Mwakitolyo kilikuwa kimeacha kumwita hivyo, eti wasimkumbushe. Kana kwamba kuna siku alisahau! Ni huyu fundi Thobias tu, huku Shinyanga mjini, aliyekuwa bado anamwita mama wa mtu.

"Hakuna aliyeiwasha, fundi. Niliifunga kwenye kanga, nikaitia kwenye sanduku, nikafunga na kufuli."

"Mama yangu, diski haidanganyi. Ulipoileta mara ya kwanza ilikuwa imeanguka, inagonga, lakini ilikuwa inasoma. Nikakwambia msiiwashe mpaka kifaa kifike kutoka Dar, kwa sababu kila ukiiwasha inazidi kujikwaruza ndani. Leo nimeijaribu, imegonga kama kuku anayedonoa bati, ikanyamaza."

"Na picha za mwanangu?"

"Niachie mpaka kesho. Ila sikufichi, hali ni mbaya."

Esta alitoka pale akaelekea stendi. Simu yake ya zamani iliibwa gulioni, na kila picha ya Sesilia ilikuwa imebaki ndani ya laptop ile. Na video moja, moja tu, yenye sauti yake. Tangu malaria ilipomchukua mtoto, Esta hakuwa amethubutu kuitazama. Alikuwa anaitunza kwa siku ya misa ya mwaka mmoja. Siku hiyo, alijiambia, nitamwona mwanangu anatembea.

Ufunguo wa lile sanduku ulipofichwa walipajua watu wawili tu, yeye na mumewe.

Hapo ndipo maneno ya jirani yake, Mbuke, yalipomrudia.

"Shoga, mimi siyo mmbea," Mbuke alimwambia kisimani wiki iliyopita, na ukisikia mtu kaanza hivyo jiandae. "Lakini nimepita kwa mumeo jioni, kibanda kimefungwa kwa ndani. Humo kuna mwanamke anacheka."

"Si filamu zake hizo?"

"Filamu gani ya Kisukuma? Anacheka halafu anasema 'mayu we, mama wee, nakufa.' Na siyo mara ya kwanza kumsikia. Lisemwalo lipo, dada."

Maige alikuwa na kibanda karibu na karasha za kusagia mawe ya dhahabu. Aliwaingizia wachimbaji nyimbo na filamu kwenye simu zao. Laptop iliyoanguka ndiyo ilikuwa ya kazi, kabla hajanunua nyingine ya mtumba. Esta akajumlisha mwenyewe. Mwanamke yupo, picha zake alizificha kwenye laptop mbovu, sasa ameiwasha ili azifute. Na katika kufuta uchafu wake, amemfuta na mtoto.

Alituma meseji akiwa stendi.

"Fundi kasema laptop imewashwa. Umefuta nini humo?"

Jibu likaja: "Rudi nyumbani tuongee."

"Mwite na huyo mwanamke wako tuongee wote."

Simu ikaita. Akaikata. Ikaita tena, akaizima kabisa.

Alimkuta Maige amekaa kwenye kigoda mlangoni. Kibanda hakukifungua siku hiyo.

"Anaitwa nani?"

"Esta, kaa kwanza."

"Sikai! Anaitwa nani? Mimi nalala nimeukumbatia ukuta, wewe unachekeshwa kibandani. Mbuke amemsikia anavyocheka! Msibani hukutoa hata chozi, Maige. Nguo zake ukazigawa wiki ileile. Nikasema labda wanaume ndivyo mlivyo. Kumbe ulikuwa na pa kupumzikia!"

"Ni wewe."

"Mimi nimefanyaje?"

"Anayecheka ni wewe." Maige alikuwa anaongea na ardhi. "Ile video ya Sesi na jogoo. Mimi nimeshika simu, wewe uko nyuma yangu unacheka mpaka unasema unakufa. Mbuke amekusikia wewe."

Esta alikaa, tena chini kabisa, kwenye vumbi.

"Ukienda kusali jumuiya nilikuwa nachukua ufunguo, naibeba laptop mpaka kibandani," Maige aliendelea. "Kila siku nasema leo ya mwisho. Siku ya mazishi baba aliniambia, ukilia wewe, mkeo atashikwa na nani? Nikajikaza. Nguo nilizigawa kwa sababu nilikuwa nazinusa, Esta, nikaona nitapata wazimu. Nikitaka kulia nakwenda kibandani, karasha zinanguruma, nikadhani hakuna anayesikia. Nilikuwa namtazama yeye. Na nakusikiliza wewe. Hujacheka tena humu ndani."

Wivu ulikuwa umemtoka Esta wote, na mahali pake ikaingia hasira nyingine iliyokuwa mbaya zaidi.

"Ulijua haitakiwi kuwashwa?"

"Nilijua."

"Ukawasha."

"Niliwasha. Ilikuwa inagoma, nikiizima na kuiwasha tena inakubali."

"Ungeniita, Maige! Mimi sijaiona hata mara moja. Nilikuwa naitunza! Umemmaliza mwanangu peke yako."

Usiku ule kila mtu alilala na ukuta wake.

Kesho yake mchana Thobias alipiga.

"Mama Sesilia, shikamoo."

"Marahaba, fundi. Niambie tu."

"Nimepata nyimbo na filamu, karibu zote nzima. Lakini picha za mtoto... zilikuwa pale palipokwaruzika. Na video imekwenda. Nisamehe, mama."

Nyimbo za wachimbaji zimepona, mtoto amekwenda. Esta alimshukuru fundi, akakata simu, akabaki ameishika mkononi. Maige alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Alikuwa amesikia yote.

Ilipofika jioni Esta alitoa vigoda viwili nje. Kimoja akamsogezea mumewe.

"Umeitazama mara ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Unaikumbuka yote?"

"Yote."

"Basi nisimulie. Usiruke kitu."

"Esta, mimi..."

"Niite Mama Sesilia."

Maige alikaa kwenye kigoda.

"Mama Sesilia." Akavuta pumzi. "Inaanza unauona mguu wake, simu ilikuwa imeinama. Amevaa viatu vyako vya kanisani, vinamvuka. Ameshika mwiko. Jogoo amepanda juu ya meza. Sesi anamwambia, 'Shuka, wewe hujanawa miguu!'"

Esta alifumba macho. "Halafu?"

"Jogoo hashuki. Sesi ananigeukia, ananiuliza, 'Baba, natokea?' Namwambia unatokea, mama. Hapo wewe unaanza kucheka."

"Ninachekaje?"

Maige alifungua kinywa amwigize. Kilichotoka ni kilio, kilekile alichokibana tangu makaburini, kikubwa, bila aibu, mpaka Mbuke akachungulia kutoka uani kwake. Safari hii karasha zilikuwa zimezimwa na kila mtu alisikia.

Esta alimvuta kichwa akakilaza kifuani pake. Hakumwambia nyamaza. Naye machozi yalikuwa yanamshuka. Mume akatulia kidogo, akajifuta kwa mgongo wa mkono.

"Endelea, Baba Sesilia," Esta alimwambia. "Nimeshacheka. Halafu mwanangu anasema nini?"