Kamba ya Ndama Wetu Kwenye Geti la Reli

Je, nikisema, nitakuwa nimemuuza ndugu yangu? Na nikinyamaza, nitakuwa nimemuuza nani? Maswali hayo yalininyima usingizi juma zima.

Nina miaka ishirini na mitano, nina digrii, sina kazi. Wakati huo nilikuwa nikiishi Malaba kwa kakangu Ekisa, aliyekuwa akinilisha. Kazi yake ni kupanga malori kwenye foleni ya mpakani, pale barabara inapokatiza reli.

Serikali ilipotuwekea geti linalojishusha lenyewe treni ikikaribia, pamoja na king'ora na taa nyekundu, nilifurahi. Ekisa hakufurahi. Geti likishuka, foleni inakatika na madereva wengine wanachomekea. Akachukua kamba ya ndama wetu, akalifungia geti juu.

"Treni tunaijua," aliniambia. "Inapiga honi tangu mbali."

Watu wakacheka, wakavuka. Nami nilivuka... ningefanya nini?

Mchana mmoja ikaja injini peke yake, bila mabehewa, ikirudi kinyumenyume. King'ora kililia, lakini honi za malori zilikimeza. Nafula, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, alilitazama geti, akaliona liko juu, akavuka na beseni lake la ndizi, injini ikamgonga.

Hospitalini walimkata mguu.

Nilipofika nyumbani, ndama alikuwa amefungwa kwa kamba yake ileile. Ila sasa ilikuwa na rangi nyekundu ya geti.

Maofisa wa serikali wakaitisha baraza. Watu walewale waliocheka wakasema mtambo ni mbovu. Maofisa wakajibu kwamba kama ni mbovu utaondolewa, kivuko kibaki na mtu wa kupeperusha bendera tu. Ekisa akaniinamia sikioni.

"Wewe na digrii yako, unafikiria mpaka unachoka. Basi fikiria hili, dada: ugali wa leo utatoka wapi?"

Nilifikiria. Mama atasema nini? Nitalala wapi? Na mtoto atakayevuka kesho, akitafuta geti asilione...?

Wenzangu mnaosoma, msikifunge kinachowalinda kwa sababu tu kinawachelewesha. Na ukiiona kamba, ifungue siku hiyohiyo. Usingoje mguu wa rafiki yako ukufundishe. Leo ninakaa kwa Nafula, ninamuuzia ndizi zake, na Ekisa hapokei simu yangu.

Siku ile barazani nilisimama.

"Geti ni zima," nikasema. "Lilifungiwa juu kwa kamba ya ndama wetu, na aliyelifunga ni huyu hapa, kakangu. Twendeni nyumbani niwaonyeshe."

Nikatangulia.