Flopi ya Nangurukuru

"Sahani zimepoa," sauti ilisema simuni.

"Nazifuata," Fauzia akajibu, akakata.

Maana yake ilikuwa moja tu. Bashiru yu hai, lakini muda unakwisha.

Alivuka stendi ya Nangurukuru akiwa amejitanda kanga, beseni kichwani, kama mama ntilie yeyote anayekusanya vyombo vyake kwa wateja. Chini ya sahani mlikuwa na flopi, ile diski bapa ya zamani, kisoma kadi chenye kadi yake ya kumbukumbu na redio ya Motorola. Bastola ya Makarov ilikuwa kiunoni. Adhana ya Ijumaa ilikwisha kuadhiniwa na wanaume walikuwa wakielekea msikitini.

Bashiru, jasusi aliyemfunza kazi, alikuwa ametekwa na genge la magogo ya magendo. Walimfungia ndani ya mojawapo ya malori yao. Lori hilo likifika bandari bubu, boti ya wageni ingemchukua, na asingeonekana tena. Lakini bandari bubu ipi? Pwani ile inazo nyingi kuliko askari. Jibu lilikuwa ndani ya kompyuta moja, katika ofisi ya Abdulrahmani, wakala wa genge.

Fauzia alijua kwamba alipaswa kuogopa. Hakuogopa. Tangu habari ile imfikie, kifua chake kilikuwa kama nyumba iliyohamwa.

Mlangoni pa ofisi hiyo, kufuli likasalimu amri.

Diski kuu ilikuwa imetegwa. Nywila ikikosewa, kila kitu kingefutika. Kwa hiyo mashine ilipaswa kuamshwa kwa njia nyingine. Nayo ilikuwa Dell kongwe, isiyokubali kuwashwa kwa flashi wala kadi. Fundi wa genge alifunga kila mlango akauacha mmoja: mdomo wa flopi, ambao vijana wa leo huudhani pambo.

Akaisukuma flopi. Akachomeka kisoma kadi. Akawasha.

Krrr. Krrr.

Flopi iliiamsha mashine, kisha ikaikabidhi kadi kazi. Ndani ya kadi mlikuwa na Linux nyepesi, programu ya kuendeshea kompyuta, iliyoweza kuishi yote katika kumbukumbu ya mashine bila kuigusa diski iliyotegwa.

Mlango ukafunguka.

Abdulrahmani. Kanzu nyeupe, mikono yake ingali mibichi kwa maji. Alikuwa amesahau kofia.

"Wee mama! Nani kakufungulia?"

"Shikamoo, baba. Nilikuta wazi. Nafuata sahani zangu."

"Marahaba. Sahani zako zimo ndani ya kompyuta?"

"Vijana wako wanakula popote, baba. Juzi nimekuta mfupa wa samaki changu kwenye droo."

Maandishi meupe yalikuwa yakiteremka juu ya kioo cheusi. Abdulrahmani akayaona.

"Umegusa nini? Au likompyuta hili limeanza tena wazimu wake? Sogea nilizime!"

Kati ya meza na kabati palikuwa na upenyo wa mtu mmoja. Fauzia alikuwa ameuziba, yeye na beseni lake. Hakusogea.

"Sogea, mwanamke! Nina udhu!"

"Nisogee wapi, baba? Nikija huko tutagusana."

Akanyoosha mkono, kama anayeomba kuvutwa.

Abdulrahmani akaruka nyuma. Mtu aliyemfunga binadamu mwenzake kamba aliulinda udhu wake dhidi ya ngozi ya mama ntilie. Pipa la maji la ofisini lilikuwa kavu; asingeweza kutawadha upya. Nje, kipaza sauti kikaanza hotuba.

"Nikirudi nisikukute hapa! Na usiliguse!"

Akatwaa kofia, akatoka mbio.

Fauzia akageukia kioo. Linux ilikuwa imeamka. Akaifungua diski kwa kusoma tu. Ramani ikajitokeza. Njia za malori yote ziliishia Lindi mjini, isipokuwa ya moja, la bluu, lililoingia ufukweni.

Akashika redio, akawaita wenzake waliokuwa wakisubiri kwenye barabara ya Lindi.

"Mchinga. Kaskazini ya kijiji. Lori la bluu."

"Una hakika?"

"Nendeni."

Akaizima mashine, akapanga vyombo vyake, akatoka. Alisimama ng'ambo ya barabara hadi swala ilipokwisha. Abdulrahmani alikuwa hajafika mbali na msikiti wanaume wawili, wenzake Fauzia, walipomshika, mmoja kila upande.

"Jamani, nimekosa nini?"

"Utatuambia mwenyewe, mzee. Twende."

Redio ikakoroma.

"Tumelipata. Boti tumeizuia. Anataka kuzungumza nawe."

Kisha sauti kavu, iliyopasuka kwa kiu: "Umenifikia, mdogo wangu."

Fauzia aliisubiri furaha. Haikuja. Pengine nayo ilikuwa ingali njiani.

"Kunywa maji kidogo kidogo, kaka," akasema. "Usiyafakamie."

Akaizima redio, akapenya katikati ya mabasi, wala hakugeuka nyuma.