Ndoo ya Kwanza

Gari la zimamoto lilikutwa limejaa maji, na hakuna mtu aliyelijaza.

Sajini Majidi, dereva wake, alikigonga kioo cha kipimo kwa ukucha, akangoja, akagonga tena. Mshale haukutikisika. Jana yake vijana walikuwa wameosha uwanja mzima wa kituo kwa maji ya tangi lile, wakamwagiana kama watoto, na gari likalala tupu. Asubuhi hii lilikuwa limejaa hadi kwenye mfuniko.

"Labda mvua," alisema Koplo Nestory.

"Mvua ya wapi, kiangazi hiki? Na mvua ikafungua mfuniko yenyewe?"

Nestory alicheka. Askari wa zimamoto akipewa maji ya bure, yeye hushukuru tu, haulizi yametoka wapi. Majidi hakucheka. Alipopanda juu na kuufungua mfuniko, ilimpanda puani harufu ya magunia mabichi na jasho la watu wengi waliotembea mbali, harufu ambayo haikuwa na kazi yoyote kituoni pale. Akaufunga haraka. Alijua maji yale yametoka wapi, na alijua kosa lilikuwa la nani.

Wiki iliyotangulia mkoa ulikuwa umeadhimisha historia ya kikosi chake cha zimamoto. Walipanga mezani kofia za shaba, kengele ya zamani, na picha za askari wa kwanza wenye kaptula pana na nyuso za kuogopesha. Kilele cha sherehe kilikuwa kuteka maji katika Kisima cha Njuga, nje ya mji, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Kisima hicho kiliwanywesha wapagazi wa pembe za ndovu, na baadaye kikawajazia gari askari wa zamani, enzi ambazo bomba lilikuwa ni jambo la kusikia tu.

Majidi alikijua tangu utoto. Marehemu baba yake, Mzee Adinani, alikuwa askari wa zimamoto, na kila walipokwenda kuteka alifanya jambo lile lile. Ndoo ya kwanza hakuitia kwenye tangi. Aliirudisha kisimani taratibu, huku akisema, "Tumeazima." Ndipo wengine wakashusha mpira wa pampu.

Siku ya sherehe, ndoo hiyo ya kwanza ilikuwa mikononi mwa Majidi. Wageni walikuwa wamekaa chini ya turubai, simu zimeinuliwa, kamanda anatabasamu. Aliona haya. Sajini mzima, magwanda yamepigwa pasi, asimame kunong'onezana na shimo? Akaimimina kwenye tangi, watu wakapiga makofi. Baadaye watoto wakaomba kumwagiwa, naye akawafungulia maji. Binti yake Shamimu, wa darasa la pili, akaweka kinywa kwenye mdomo wa mpira akanywa, na watu wakacheka sana.

Tangu siku hiyo Shamimu hakuacha kunywa.

Alimaliza mtungi wa ndani, akahamia ndoo za jikoni. Alikunywa maji ya kuoshea vyombo. Na kadiri alivyokunywa ndivyo alivyokauka: midomo ikapasuka, macho yakaingia ndani, ngozi ya mikono ikawa kama ganda la kitunguu. Hospitalini Kitete walimpima sukari na kila kinachopimika, wakampa dripu, wakamtazama kwa huruma. Hawakuona ugonjwa.

"Baba," aliita kwa sauti iliyokwaruza, "wale watu wanapita tena. Wana kengele miguuni. Wanataka maji yao."

Mama yake, Zamda, aliinamisha uso kwenye kanga akalia bila sauti.

Siku ya tangi kujaa lenyewe, adhuhuri, Majidi alibaki peke yake uwanjani. Vijana walikuwa wameuosha tena, safari hii kwa maji ya bomba, na sementi ilikuwa bado inang'aa kwa maji. Jua lilikuwa la utosi, hata kivuli cha gari kilikuwa kimejificha chini ya gari lenyewe. Akasikia njuga. Zilitoka ndani ya tangi, hafifu kwanza, kisha zikawa nyingi, zikafuatana na mshindo wa nyayo nzito zinazokwenda kwa mpango mmoja, nyayo za watu waliobeba mizigo, na alipogeuka kutazama nyuma yake akaona juu ya ile sementi iliyolowa alama za miguu zikijitokeza moja baada ya nyingine, miguu mirefu, mikavu, kila inapokanyaga maji yanatoweka na vumbi jekundu linabaki, zikimjia yeye, zikimzunguka, mpaka zikasimama mbele yake karibu kiasi cha kuhisi pumzi ya moto usoni, pumzi ya mtu ambaye hajanywa maji tangu zamani za misafara.

Majidi alipiga mbio hadi barabarani, viatu vya kazi na yote.

Mtu mmoja tu alikuwa amebaki katika askari wa kikosi cha baba yake. Ni Mzee Mahona, dereva mstaafu, mkali kama pilipili na mbishi kuliko redio. Majidi alimkuta kwake akikaza mguu wa kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nilikuona pale kwenye sherehe. Nikasema, huyu si mtoto wa Adinani, huyu ni mtu mwingine amevaa sura yake."

"Mzee, mtoto wangu anakufa."

Nyundo ikatua chini. Mahona alimsikiliza mpaka mwisho, na ukali wote ukamtoka usoni.

"Kile kisima kina mwenyewe," alisema akishusha sauti. "Zamani msafara ulifika pale kimekauka, watu wanaanguka. Kiongozi wao akapatana na jini: toa maji, na kila atakayekuja kuteka atakurudishia ya kwanza. Sisi tuliishika ahadi hiyo. Wewe umeivunja, sasa anadai yote."

"Nifanye nini?"

"Rudisha maji yale yale, tangi zima, jua likiwa la utosi. Lakini nisikilize vizuri, mwanangu. Kiu ile ni moja tu. Anaibeba aliyekunywa mwisho. Asinywe mtu mwingine hata tone."

Alipofika nyumbani akamweleza mkewe. Zamda akasema kwa mnong'ono, bila kumtazama, "Kwa hiyo akinywa mwingine, wetu anapona."

"Zamda! Astaghafirullah!"

"Nimesema tu, Baba Shamimu. Nimesema tu."

Kesho yake, jua likikaribia utosi, Majidi na Nestory walitoka na gari kuelekea kisimani. Majidi alimwambia mwenzake ni jaribio la pampu. Walikuwa wameshaiacha lami, Majidi anakiona kwa mbali kichaka cha kisima, redio ilipokoroma. Nyumba inaungua Gongoni. Mtoto yuko ndani. Gari la pili liko Nzega.

Majidi alikanyaga breki. Alitazama kichaka kile, akamwona Shamimu alivyomwacha asubuhi, amelala mkekani, ulimi umetoka nje. Kisha akajifariji: si tangi lilijaa lenyewe? Atazima moto, litajaa, atarudisha. Akageuza gari na kuwasha king'ora, machozi yakimtoka.

Gongoni moshi ulikuwa umeshika paa zima. Mwanamke mmoja, Siwema, alikuwa ameshikwa na majirani asijitupe ndani. "Fikiri! Mwanangu Fikiri!" Nestory akaingia chini ya ngao ya maji, na Majidi akabaki ubavuni mwa gari, mkono kwenye koki, macho kwenye kipimo.

Mshale ulikuwa unashuka. Ulikuwa unashuka bila kupanda, nusu, robo, chini ya robo, na kila uliposhuka njuga zililia ndani ya tangi, tena zikienda mbali, kama msafara unaoondoka, na Majidi akaelewa kwamba hakutakuwa na kujaa tena, kwamba kinachomwagika pale ndicho alichotakiwa kukirudisha, na binti yake anamwagika pamoja nacho.

Moto ukalala. Nestory akatoka na mvulana mikononi, mweusi kwa masizi, anakohoa, mzima. Umati ukapiga vigelegele. Akamkalisha chini hatua chache kutoka kwenye gari, akauvuta mpira uliokuwa bado unachuruzika maji ya mwisho, akamsogezea mtoto kinywani.

"Sukutua, baba. Kunywa kidogo."

Angepiga kelele, Nestory angesikia. Angefunga koki, maji yangekatika. Mkono ulikuwa pale pale juu yake. Majidi alifungua kinywa. Mvulana akainua macho yakakutana na yake. Majidi akafunga kinywa, na Fikiri akanywa.

Jioni hiyo Shamimu alikuwa uani anaruka kamba. Midomo yake ilikuwa laini, na alikuwa amekula ugali na kisamvu akaongezwa. Majidi alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

"Umeyarudisha?" Zamda aliuliza, uso umejaa furaha.

"Nimeyarudisha."

Zamda akamletea glasi ya maji. Kabla hajaigusa, simu ikaita. Alikuwa Nestory, akizungumza kwa sauti ya chini kutoka Kitete.

"Sajini, yule mtoto wetu wa Gongoni simwelewi. Ameshamaliza ndoo na bado anaomba maji. Midomo inapasuka naiona hivi hivi." Nyuma yake kitu kililia kama njuga, taratibu, kikikaribia. "Na kila akishusha kikombe anasema neno moja tu. Anasema, 'Yule wa kwenye gari aliniona nikinywa.' Ana maana gani, Sajini?"

Uani, Shamimu alikuwa bado anaruka kamba na kucheka.